Naam ya Bwana Kheir

Miaka kumi na mbili ya uwakili wa jinai sikuwahi kumuuliza mteja hata mmoja kama kweli kafanya. Ndivyo nilivyofundishwa. Marehemu Bwana Duni, aliyenipokea ofisini kwake nilipotoka chuo, alikuwa akisema mteja haulizwi kafanya nini, huulizwa wanasema kafanya nini. Ukishajua kuwa kafanya umefungika, maana huwezi tena kumpandisha kizimbani akaapa kuwa hakufanya na wewe ukabaki wakili. Unakuwa mwongo mwenzake. Usipojua, uko huru. Nililipenda sana neno hilo, huru, na nimekula nalo mkate wangu miaka yote hiyo.

Halafu akaja Bwana Kheir Ubwa wa Matemwe na neno lake moja, akanivuruga kichwa mpaka leo sijakaa sawa.

Alikuja na mkewe, Bi Ummkulthum, Jumanne asubuhi. Ofisi yangu iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili juu ya fundi wa saa, na ngazi zake zimesimama wima hata mimi mwenyewe huzilaani kila nikizipanda. Bwana Kheir alizipanda mbio mbio. Ni mtu mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na sita, na siku ile alivaa shati la kaki la ulinzi lililopigwa pasi. Mkewe alifika baada ya dakika nzima, akihema. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, Bi Ummkulthum akakaa na kuweka mkoba magotini. Mimi sipendi jamaa wa mteja wawepo kwenye mazungumzo. Nikamwambia kwa adabu kuwa chini barazani kuna upepo mzuri.

"Hapa pananitosha," alisema.

Sikubishana naye. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda mabishano mengi kuliko mimi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Kheir alikuwa mlinzi wa mchana wa ghala la mwani huko Matemwe, pale wanawake wanapoweka mwani wao mkavu mpaka aje mnunuzi. Ijumaa moja, saa saba mchana, wanaume wako msikitini, ghala likashika moto. Hakuna aliyeumia, lakini mwani wa miezi miwili uliteketea wote, na wanawake walioinama baharini kuupanda wakasimama mbele ya majivu wakilia. Mlinzi hakuwepo. Msikitini nako hakuwepo. Alitokea saa tisa juu ya pikipiki yake, wakati watu wameshachoka kutafuta wa kumkasirikia. Hapo wakakumbuka kuwa wiki iliyopita aligombana na msimamizi wa ghala. Shahidi mmoja akasema alimwona mtu wa shati la kaki akipita kwa nyuma. Mashati ya kaki Matemwe yamejaa tele, lakini siku ile lilionekana moja tu.

Zaidi ya hapo upande wa mashtaka ulikuwa na karatasi, maelezo aliyoyatoa kituoni jioni ile ile. Nikayasoma mbele yao. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa jina la baba, jina la sheha wa kijiji chake, kazi ya mtu na makazi yake. Mwisho kabisa palikuwa na haya:

Swali: Kheir Ubwa, wewe siku ya Ijumaa saa saba mchana uliacha lindo lako na ukatia moto ghala la mwani?

Jibu: Naam.

Chini yake, dole gumba la Bwana Kheir na tarehe. Neno hilo likisimama kama lilivyoandikwa, alikuwa anakwenda jela miaka mingi, na kwa umri wake huenda asitoke. Yeye alilijua hilo, mkewe alilijua, na mimi nililijua.

Lakini nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwetu Unguja mtoto wa kiume hufundishwa hata hajajua kufunga vifungo vya shati lake kuwa ukiitwa usiseme "nini", sema "naam". Askari kaanza swali lake kwa jina kamili la mtu. Mtu kaitwa, kaitika. Karatasi haina sauti, haioneshi kama neno lilipanda au lilishuka. Askari aliyeandika huenda alisikia "ndiyo", na huenda kilichosemwa ni "nakusikia, endelea".

"Bwana Kheir," nikamwambia, "wewe ukiitwa huitikia vipi?"

"Naam."

Nikangoja aendelee. Na yeye akangoja niendelee. Tukatazamana.

"Ndo nshakujibu," akasema. "Huitikia naam."

Nikacheka peke yangu. Bi Ummkulthum hakucheka.

"Basi pale kituoni," akaanza Bwana Kheir, "yule askari aliponiuliza..."

Nikanyanyua mkono. "Hilo sijakuuliza. Nikikuhitaji unieleze jambo, nitakuuliza." Akafunga mdomo kama mtoto aliyekatazwa mezani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa wiki tatu baadaye. Walikuja wote wawili kama kawaida. Katikati ya mazungumzo simu ya Bi Ummkulthum ikalia, akaenda dirishani kuizungumza, huku kidole kimoja kakitia sikioni kwa kelele za vespa. Bwana Kheir akainama juu ya meza yangu.

"Bi Nassra, kuna jambo nlilifanya Ijumaa ile. Sijamwambia mtu. Linanichoma."

Linanichoma. Mtu kashtakiwa kwa moto, anakwambia linamchoma.

"Usiniambie," nikasema.

"Kwani wewe si wakili wangu?"

"Ndiyo maana usiniambie."

"Nkikwambia, itatoka hapa?"

"Haitoki. Siri ya mteja nakufa nayo."

"Basi kwa nini nisikwambie?"

Nikamweleza taratibu, kama nilivyoelezwa na Bwana Duni. Nikamwambia kuwa kuna mambo wakili akiyajua hawezi tena kusimama akayakana, wala kumwacha mteja wake aape kinyume chake. Kwa hiyo ni bora asiyajue, ili aweze kuutikisa ushahidi wa upande wa pili bila ya kusema uongo.

"Yaani ukiujua ukweli huwezi kunitetea, usipoujua unanitetea."

"Si hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Ndivyo nilivyosema, lakini si hivyo."

Alinitazama kwa huruma, na mimi nikaona hasira, kwa sababu nilijisikia nikizungumza upuuzi na sikuweza kuona upuuzi uko wapi. Kila neno nililomwambia lilikuwa la sheria. Bi Ummkulthum akarudi kitini, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza," nikasema.

Mara ya tatu ilikuwa siku mbili kabla ya utetezi wake. Alipanda ngazi mbio zaidi ya siku zote, akaingia bila ya kuamkiana, na nyuma yake nilisikia hatua za mkewe zikija polepole kutoka chini.

"Bi Nassra, nna dakika moja kabla hajafika. Niache nikiri. Siwezi kushika msahafu na jambo hili moyoni."

"Unamwonea aibu mkeo?"

"Namwonea sana."

Nikaelewa, au nilijiona nimeelewa. Mume kachoma mwani wa wanawake wa kijiji, na wa mkewe ukiwemo, na hana uso wa kumtazama. Nilimsikitikia. Na papo hapo nikamkasirikia, kwa sababu alikuwa anataka kunitwisha mzigo wake siku mbili kabla ya mahakama, na kazi yote niliyoifanya ingekwenda na maji.

"Bwana Kheir, nisikilize," nikamwambia. "Kizimbani jibu unachoulizwa tu. Nilichokipanga kinatosha. Ukinena zaidi unajiangamiza."

Bi Ummkulthum akafika mlangoni, akashika mwimo, akavuta pumzi. Hakukaa kwanza. Alisimama akimtazama mumewe kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Bwana Kheir akainamisha macho, na mimi nikaanza kuwaeleza nguo gani zinafaa mahakamani.

*

Siku ya utetezi hakimu alikuwa mtu wa makamo anayeandika kila neno kwa mkono wake, polepole, na miwani puani. Bwana Kheir akashika msahafu, akaapa. Bi Ummkulthum alikaa benchi la nyuma kabisa.

Nilianza na jina lake na kazi yake. Kisha nikamwomba karani amwite kama anavyoita watu kule nje. Karani ni mtu anayeipenda kazi yake. Akakohoa, akaita, "Kheir Ubwa."

"Naam," akasema Bwana Kheir.

Watu wakacheka. Hakimu akaandika.

"Ulifundishwa na nani kuitika hivyo?"

"Na mama yangu. Ukisema 'nini' unakula kofi."

Wakacheka tena, na safari hii nilimwona hakimu akitabasamu. Nikamwambia, "Sina swali zaidi," nikakaa. Sikumuuliza pale kituoni alikuwa na maana gani. Sikumuuliza makusudi. Sikusema uongo hata mmoja na yeye hakusema. Nilichukua mambo mawili ya kweli, nikayaweka karibu karibu, ili hakimu aone mwenyewe la tatu ambalo mimi sikulijua. Nilikaa pale nikijisifu.

Mwendesha mashtaka ni kijana anayeitwa Hasan, mpole, mwenye tabia ya kuuliza kana kwamba anaomba maji ya kunywa.

"Mzee Kheir, shikamoo."

"Marahaba."

"Pale kituoni, uliposema naam. Ulikuwa unaitika au ulikuwa unakubali?"

Bwana Kheir alinitazama. Nikazitazama karatasi zangu. Akautazama msahafu pale juu ya meza ya karani.

"Nlikuwa nnakubali," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hasan mwenyewe alibaki mdomo wazi, kwa sababu hata yeye hakuitarajia. Hakimu aliandika, akainua kichwa kuitazama saa ya ukutani, akasema ni wakati wa adhuhuri, tutarudi saa nane.

Kuna kanuni kuwa wakili hazungumzi na mteja wake aliye katikati ya kuhojiwa na upande wa pili. Naijua vizuri sana. Nilimfuata nje hivyo hivyo, damu ikinichemka, nikamkuta kasimama karibu na ukuta pale zinapoegeshwa vespa. Mkewe alikuwa amekwenda kuswali.

"Bwana Kheir, umejifunga kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nshashika msahafu, Bi Nassra."

"Kwa hiyo ulitia moto."

"Nani katia moto?" Alinishangaa kweli.

"Umekubali sasa hivi mbele ya hakimu."

"Nlokubali ni kuwa nliacha lindo. Yule askari kauliza mambo mawili kwa pumzi moja. La mwanzo lilikuwa kweli, nkasema naam. La pili hata sikuona kama linataka jibu. Mimi ntie moto mwani wa wanawake zetu? Wa Ummkulthum ulikuwemo gunia kumi."

Nilisimama na jua la saa saba kichwani, na nikahisi kama mtu aliyesoma barua nzima akiwa kaishika juu chini. Naam ile ilikuwa ndiyo. Siku zote ilikuwa ndiyo, na haikuwa ndiyo niliyoiogopa.

"Uliacha lindo ukaenda wapi?" nikamuuliza. Lilikuwa swali la kwanza la kweli nililomuuliza tangu tujuane.

"Mangapwani."

"Kufanya nini?"

"Kwa mke wangu."

"Mkeo anakaa Matemwe. Mkeo yuko pale anaswali."

Akakuna kidevu. "Mke wangu mwengine."

Akanieleza, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa msikiti. Anaitwa Wanu. Kamwoa miaka mitatu iliyopita, ndoa halali, na watu wanaoijua hawafiki sita. Hana zamu ya siku nzima kama wake wengine wenye wenza. Zamu yake ni Ijumaa, kuanzia saa tano mpaka saa nane, kwa kuwa ndio wakati Matemwe nzima inadhani Kheir yuko lindoni na msimamizi anadhani kaenda kuswali. Ijumaa ile aliswali kule kule Mangapwani, akala, akarudi, akakuta moshi.

"Hilo ndilo nlilotaka kukwambia," akasema. "Mara tatu."

"Ulisema linakuchoma."

"Linanichoma. Nliapa mbele ya mama yake Ummkulthum kuwa sitomwekea mtoto wake mke mwenza. Mama yule kafa nimemshika kichwa."

"Basi tumekwisha," nikasema, na nilikuwa nakaribia kucheka kwa furaha. "Namwita Bi Wanu, namwita imamu wa kule, na kesho unalala kwako bila ya kesi."

"Humwiti."

"Bwana Kheir."

"Ulisema siri ya mteja unakufa nayo. Ulisema au hukusema?"

"Utafungwa."

"Ntafungwa. Nkifungwa Ummkulthum atanililia. Akijua hili, hatonililia."

Nilimwomba. Nilimbembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumbembelezea hata baba yangu. Nikamwambia kuwa swali moja tu linatosha, nikipewa nafasi ya kumuuliza tena nitamuuliza alikuwa wapi, basi. Akatikisa kichwa. "Ukiniuliza ntajibu, nshaapa. Kwa hivyo usiniulize."

Akaniacha, akaenda kutia udhu.

Sijui niseme nilijisikiaje. Miezi minane nilijilinda nisijue, kwa kuwa kujua kungenifunga mikono. Sasa nilijua, na nilichokijua kingemtoa jela mchana ule ule, na mikono ilikuwa imefungwa kuliko zamani. Nikimuuliza, nimemsaliti. Nisipomuuliza, nimemzika. Na juu ya yote hayo sikuwa na hakika kama namwamini. Mteja akishazama huokota lolote linaloelea. Huyu kazama saa saba kasorobo, na saa saba na robo anaokota mke Mangapwani. Nilikuwa nataka awe mkweli, na nilikuwa nataka asiwe, kwa sababu akiwa mkweli basi mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Saa nane tukarudi. Bi Ummkulthum alikaa pale pale benchi la nyuma, ushungi umerudi sawa, mkoba magotini. Mpaka leo sijui kama ningemuuliza Bwana Kheir lile swali au nisingemuuliza. Sikupata nafasi ya kujua. Hasan alikuwa ameshapata alichokitaka na angeweza kukaa, lakini ni kijana, na ladha ya ushindi ilikuwa bado mdomoni.

"Mzee Kheir, umeshaiambia mahakama kuwa uliacha lindo. Msikitini Matemwe hukuonekana. Basi saa saba mchana ulikuwa wapi?"

Nikainuka nusu nipinge. Hakuna cha kupinga. Nikakaa.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Jibu swali, mzee."

"Mangapwani, Mheshimiwa," akasema, akitazama miguu yake. "Kwa mke wangu wa pili. Anaitwa Wanu."

Sikugeuka nyuma. Nilitega sikio nikingoja sauti, kilio, hata benchi kukwaruza sakafu, na sikusikia kitu.

Hasan alijikusanya haraka. "Miezi minane, mzee. Polisi hukuwaambia. Hata wakili wako hukumwambia, maana angeshamleta huyo mke hapa. Leo baada ya mapumziko ndio Mangapwani inazaliwa."

"Polisi sikuwaambia, kweli. Wakili nlitaka kumwambia mara tatu. Alinikataza."

Hakimu akavua miwani. Alinitazama kwa muda mrefu, na mahakama nzima ikanitazama.

"Wakili," akasema, "haya ni kweli?"

Sheria ilinipa mlango wa kutokea. Yanayosemwa baina ya wakili na mteja wake hayaulizwi, na ningeweza kusimama nikalisema hilo kwa Kiswahili safi, nikakaa, na jina langu likabaki jeupe. Bwana Kheir angebaki mwongo. Mlango wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Ningeweza kusema ndiyo, alitaka kuniambia, nikaishia hapo, nisiguse habari ya ukutani. Ningemsaidia, na nisingeonekana nimevunja kanuni. Na mlango wa tatu, nikisema yote, Hasan angesema hadithi imepikwa wakati wa adhuhuri, na huenda ukweli wangu ndio ungemfunga mtu. Nilisimama nikiiona yote mitatu na sikujua upi ni wema.

"Bwana Kheir," nikasema, "unaniruhusu niseme tuliyozungumza?"

"Sema," akasema. "Limebaki nini?"

Nikasema. Nikasema alinijia mara tatu na mara tatu nilimzuia. Nikasema nilimzuia kwa kuwa nilidhani kafanya. Maneno hayo, nilidhani kafanya, sikuwahi kuyatamka juu ya mteja yeyote, na pale niliyatamka naye yuko hatua nne mbele yangu. Nikamwona akiinua macho kunitazama, na niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikasema pia kuwa habari ya Mangapwani nimeisikia leo, saa saba na robo, nje ukutani, wakati kanuni inanikataza kuzungumza naye. Na kuwa mimi mwenyewe sijui kama ni kweli.

Hasan alisimama kabla sijakaa. "Mheshimiwa, wakili mwenyewe anasema. Hadithi imetoka ukutani."

"Nimesikia," alisema hakimu. Akavaa miwani, akaandika. "La wakili lina pahala pake na litafika huko. La mshtakiwa lina dawa moja. Huyo Wanu yupo au hayupo? Wakili, una simu yake?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Unajua nyumba?"

"Sijui."

"Mshtakiwa?"

Uso wa Bwana Kheir ulikuwa umejaa jasho, na alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayekataa dawa.

"Mimi naijua," ikasema sauti ya nyuma.

Bi Ummkulthum alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika benchi la mbele yake. Karani akamwashiria akae. Hakimu akamzuia karani.

"Wewe nani, bibi?"

"Mke wake. Wa mwanzo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nnajua mwaka wa pili huu."

"Na ukanyamaza, mumeo anakwenda jela?"

"Nlikuwa nangoja aseme yeye. Nimepanda zile ngazi za huyu wakili mara tano, na magoti yangu haya, nkingoja aseme mbele yangu. Kila akifungua mdomo, huyu mtoto anamziba." Alininyooshea mkoba, bila ya hasira, kama mtu anayeonesha duka. "Nkasema basi, labda atasema mahakamani. Leo kasema."

Bwana Kheir aliufunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nyumba naijua, Mheshimiwa," akaendelea Bi Ummkulthum. "Nshafika mpaka mlangoni mara mbili, nkarudi, sikupiga hodi. Nikiondoka sasa hivi, kabla ya alasiri nshamleta."

Akaupachika mkoba begani, akawaashiria waliokaa naye benchi wampishe njia.